Ruthless sio "katili" tu: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia hili neno

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna kipindi nilikuwa nafanya vikazi vya kutafsiri, nikaletewa wasifu mfupi wa mzee mmoja anayestaafu, unatakiwa usomwe kwenye hafla yake ya kuagwa, na humo ndani wenzake wamemsifia kwamba alikuwa "a ruthless editor". Mi nikaona ahaa hii rahisi, nikafungua kamusi, kamusi ikasema katili, nikaandika "mhariri katili" nikatuma nikalala. Ikasomwa vile vile. Mzee wa watu amekaa mbele na mkewe na wajukuu, kavaa suti, anasikia kwenye maiki kwamba miaka yote ile alikuwa mhariri katili. Waliocheka walicheka, yeye hakucheka.

Kamusi haikunidanganya, shida ni mimi sikujua neno lenyewe linafanyaje kazi. Waliomsifia walitaka kusema kwamba sentensi isiyo na kazi alikuwa anaikata hata kama mwandishi analia pembeni, basi, hamna damu hapo. Tangu siku ile nimekuwa nalifuatilia hili neno kila nikikutana nalo, na nimegundua watu wengi wanaojifunza Kingereza wanaanguka shimo lile lile nililoangukia mimi, kwa hiyo naliweka hapa hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Litamke vizuri kwanza

Usiruke hii hatua ukidhani ni ya watoto. Neno lina silabi mbili tu, RUUTH-lis. Hiyo "u" ivute kama kwenye "kuu", alafu "th" ni ile ya thamani, thelathini, methali, sio ile ya dhahabu. Silabi ya pili inamezwa, haisemwi "LES" kwa nguvu, ni "lis" au "las" ya haraka haraka.

Sisi tuna tabia mbili zinazotuangusha. Ya kwanza ni kuongeza vokali, mtu anasema "ruthilesi", na ukishafanya hivyo mkazo unakimbilia silabi ya pili toka mwisho kama kawaida ya Kiswahili, inakuwa ruthiLEsi, msikilizaji anabaki anakutazama. Ya pili ni mbaya zaidi: ukiibadilisha "th" ikawa "t" umeshasema neno lingine kabisa, "rootless", ambalo maana yake ni kitu au mtu asiye na mizizi, asiye na kwao. Yani unataka kusema bosi wako hana huruma unajikuta umesema bosi wako hana kwao. Mkazo unabaki mbele hata neno likirefuka, RUUTH-lis-li kwa "ruthlessly" na RUUTH-lis-nis kwa "ruthlessness".

Tahajia: hamna "e" kati ya "ruth" na "less", na "s" ni mbili mwishoni. Kwenye "ruthlessness" zinakuwa mbili mara mbili.

Hatua ya 2: Lipasue katikati

"-less" unaijua, ni "bila", ipo kwenye "homeless", "careless", "useless". Sasa swali ni bila nini? Bila "ruth". Na hapo ndo watu wanakwama kwa sababu "ruth" humsikii mtu akiitumia, ukimuuliza mwenye Kingereza chake mtaani "ruth" ni nini atakwambia ni jina la shangazi yake.

"Ruth" ni neno la kale la Kingereza lenye maana ya huruma, ile hali ya moyo kukuuma ukiona mwenzako anateseka. Limetoka kwenye kitenzi "rue", kusikitika au kujuta, ambacho kenyewe bado kinapumua kidogo, utakisikia mtu akitishia "you'll rue the day", yani siku hii utaijutia. Mshairi John Milton alilitumia "ruth" kwa maana hiyo ya huruma kwenye shairi lake la mwaka 1637. Baadae likafifia, watu wakaacha kulisema, lakini mwenzake mwenye "-less" akaendelea kudunda. Kwa hiyo "ruthless" ni mjane, mwenza wake kashazikwa yeye bado yupo sokoni. Na sio peke yake, "reckless" na "hapless" na "feckless" ni wajane wenzake, hamna mtu leo anayekwambia ana "feck" nyingi.

Huyu "ruth" hana undugu na Ruthu wa kwenye Biblia, yule mkwe wa Naomi. Jina lile ni la Kiebrania, hili neno ni la Kingereza cha zamani, zimefanana herufi tu. Najua kuna utani wa "Ruth kamuacha jamaa, sasa jamaa ni ruthless", ni utani mzuri, cheka uendelee na safari, ila usije ukaandika kwenye mtihani.

Kingine, usijaribu kutengeneza kinyume chake kwa kuweka "-ful". "Ruthful" ipo kwenye kamusi kubwa ila haitumiki, ukiisema utaonekana umetoka karne nyingine. Kinyume cha "ruthless" kwa matumizi ya kila siku ni "merciful" au "compassionate", au hata "soft-hearted". Na "rueful" usiiguse kwa kazi hii, hiyo ni ya majuto, "a rueful smile" ni lile tabasamu la mtu anayejua kakosea na ameshachelewa.

Hatua ya 3: Uliza, kuna lengo?

Hii ndo hatua yenyewe, ukiishika hii nyingine zote utazikisia.

Ukatili wa kawaida, ule wa "cruel", unaangalia maumivu. Kuna anayeumia, na anayemuumiza aidha anafurahia au hajali, maumivu ndo habari yenyewe. "Ruthless" inaangalia kwingine. Mtu "ruthless" ana kitu anakitaka, amekikazia macho, na chochote kilichopo katikati yake na hicho kitu kinapitiwa juu. Hachukii anaowapitia juu, mara nyingi hata hawafikirii. Huruma ni breki, na huyu gari lake halina breki.

Wahenga wetu walishalimaliza hili zamani: ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni. Hebu isome tena hiyo methali taratibu. Kuna lengo, nyani afe, pengine anamaliza shamba. Kuna kikwazo, sura yake inafanana na ya mtu, ukiitazama mkono utalegea. Na kuna ushauri, usiitazame. Nilipokaa nikaiunganisha hiyo methali na hili neno nilijicheka, yani maana niliyokuwa naihangaikia kwenye kamusi za watu nilikuwa nayo tangu darasa la tatu.

Sasa angalia ndugu yake, ukicheka na nyani utavuna mabua. Nyani ni yule yule ila hapa hamna anayeuawa, unaambiwa tu usimchekee, uwe mkali. Hiyo ni "strict" au "tough", bado haijafika "ruthless". Mwalimu anayechapa watu sifuri kwa kuchelewesha kazi dakika tano ni "strict". Mkurugenzi anayejua kabisa kwamba akifunga kitengo fulani watu mia mbili wataenda nyumbani na mikono mitupu, akakifunga asubuhi, mchana yuko kwenye kikao kingine anaongelea faida ya robo ijayo, huyo ni "ruthless".

Kwa hiyo kila ukitaka kulitumia jiulize maswali matatu, kuna lengo? kuna anayeumia au kinachokatwa njiani? na je mhusika anapunguza mwendo kwa sababu ya huyo anayeumia? Majibu yakiwa ndio, ndio, hapana, litumie kwa amani. Swali la kwanza likikosa jibu, tafuta neno lingine. Mtoto anayemfunga paka makopo mkiani ili acheke, lengo gani hapo? Hamna. Huyo ni "cruel".

Hatua ya 4: Wajue majirani zake

Kingereza kina lundo la maneno ya ukatili na kila moja limetoka mlango wake. Sitayamaliza, nachukua yale yanayogongana na letu.

"Cruel" ndo mkubwa wa familia. Limepitia Kifaransa kutoka Kilatini, kwenye ukoo mmoja na neno la kitu kibichi chenye damu, ndo maana lina undugu na "crude". Hili ndo neno la sheria. Marekebisho ya nane ya katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanakataza adhabu ambazo ni "cruel and unusual". Azimio la haki za binadamu la mwaka 1948, ibara ya 5, nalo linasema "cruel, inhuman or degrading". Na kile chama maarufu cha Uingereza cha kutetea wanyama kilichoanzishwa mwaka 1824 jina lake lina "cruelty to animals" ndani. Huwezi kuweka "ruthless" kwenye sehemu yoyote kati ya hizo, kwa sababu sheria inataka kujua aliyeumia kaumizwa vipi, haina habari na aliyeumiza alikuwa anakimbilia wapi.

"Brutal" limetoka kwenye Kilatini cha kitu kizito kisicho na akili, baadae mnyama. Ni nguvu tupu, mapigo, mwili. Linatumika pia kwa vitu visivyo na roho, joto linaweza kuwa "brutal", na ratiba ya kazi pia.

"Merciless" ndo linalokaribiana mno na letu mpaka mara nyingi unaweza kubadilishana. Tofauti yake ni ndogo ila tamu: kwenye "merciless" kuna picha ya mtu ambaye tayari yuko chini mikononi mwako, anaomba, na wewe unakataa. "Ruthless" haihitaji mtu wa kuomba, unaweza kuwa "ruthless" na watu ambao hujawahi kuwaona maisha yako yote.

"Callous", hili nalipenda kwa sababu ni letu kabisa. Limetoka kwenye ngozi iliyokomaa, ile ya kwenye kiganja cha mtu wa jembe. Yani sugu! Warumi wa kale walitazama ngozi ngumu wakafikiria moyo usiosikia maumivu ya wengine, na sisi tukatazama ngozi ile ile tukasema "huyu jamaa amekuwa sugu". Mtu "callous" hana hata lengo, hahisi tu. Unamwambia nimefiwa anakuuliza ile ripoti iko wapi.

"Sadistic" limetokana na jina la mtu, Marquis de Sade wa Ufaransa, 1740 mpaka 1814, na hili ni la anayefurahia mateso ya mwenzake. Kwa hiyo ni kama kinyume cha "ruthless" ukiwa ndani ya familia moja, kwa sababu "sadist" anamtazama sana nyani usoni, ndo raha yake ilipo.

"Draconian" nalo ni jina la mtu, Draco wa Athens, karne ya 7 kabla ya Kristo, aliyesifika kwa sheria kali kupita kiasi. Hili ni la sheria, kanuni na adhabu tu, usimwite jirani yako "draconian" labda kama ametunga sheria ndogondogo.

Alafu kuna wawili ambao sio wa familia hii ila sura zinafanana mpaka watu wanawachanganya. "Relentless" ni kitu kisichokoma, mvua ya wiki nzima, simu za mdai, presha ya timu inayoshambulia. Linahusu kutokukatika. Na "reckless" ni kutojali hatari. Nimeshaona mtu kaandika "ruthless driver" kwa dereva anayekimbiza gari hovyo, hapana, huyo ni "reckless", labda kama kuna watu amepanga kuwagonga.

Mfano mmoja wa kuyaona yanavyogawana kazi. Chukua Kongo ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuanzia 1885 mpaka 1908. Mahitaji ya mpira wa matairi yalikuwa yanapanda Ulaya, mfalme anataka mpira, vijiji vinapewa viwango vya kuleta, na wasipofikisha kuna askari, na hao askari walikuwa wanakata watu mikono ili kuthibitisha kwa wakubwa zao kwamba risasi hazikupotea bure. Sasa gawa maneno. Askari aliyeshika panga ni "brutal". Mfumo mzima ule ni "cruel" na "inhuman". Leopold mwenyewe ni nani? Huyu hakukanyaga Kongo hata siku moja. Hakuona mkono hata mmoja ukikatwa kwa macho yake, alikuwa anaona mahesabu ya mpira. "Ruthless" linamkaa kama limeshonwa kwa ajili yake, lengo lipo, breki hamna, na sura ya anayeumia haikuwahi kutazamwa. Unaweza kumwita "cruel" pia na hamna atakayekupinga, ila "ruthless" linaonyesha jinsi gani alikuwa hivyo.

Hatua ya 5: Ni tusi au sifa?

Yote mawili, na hapa ndo nilipoumbukia mimi.

Likiwa mbele ya dikteta, muuaji, genge, mkopeshaji, ni tusi, hamna mjadala. "A ruthless dictator", "a ruthless killer". Lakini kwenye michezo, biashara na kazi za kupunguza punguza vitu linageuka, linakuwa sifa au angalau heshima ya shingo upande.

Kwenye mpira liko kila siku. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Brazil, kuna magoli manne ya Ujerumani yaliingia kati ya dakika ya 23 na ya 29, mechi ikaisha wameshinda 7-1. Timu ya kawaida ikiwa mbele goli tatu nne inaanza kupasiana nyuma kuwaonea huruma wenyeji, wale wakaendelea kufunga. Huo ndo "ruthless" wa sifa, ile hali ya kutopoteza nafasi. Straika "ruthless" ni yule akipewa nusu nafasi anafunga, "clinical" ni ndugu yake hapo. Hamna aliyeumizwa, kipa kaaibika tu.

Kwenye biashara uwe makini. Ukisema "she's a ruthless negotiator" inategemea unamwambia nani. Kwa bosi wake ni sifa, kwa aliyetoka kunyolewa mezani ni malalamiko. Mi binafsi nikiandika barua ya kumpendekeza mtu sitaliweka hata kama namsifia, nitaweka "determined" au "tough", kwa sababu msomaji hajui naliongea kwa sauti gani.

Na kuna "be ruthless" ya ushauri, hii haina ubaya hata chembe. Unapanga kabati, unapunguza maneno kwenye insha, unafuta picha elfu tatu kwenye simu, mtu anakwambia "be ruthless", maana yake usianze kukumbuka hii shati nilinunua lini, tupa. Anayeonewa hapo ni shati.

Hatua ya 6: Linakaa wapi kwenye sentensi na linaambatana na nani

Linakaa mbele ya nomino, "a ruthless man", au baada ya kitenzi, "he is ruthless". Kulinganisha ni "more ruthless" na "most ruthless", sijui nani aliwafundisha watu "ruthlesser" ila huyo mtu ajitafakari.

Vihusishi ndo vinachanganya. Ukitaja jambo analolifanya tumia "in", mfano "ruthless in cutting costs", hana huruma kwenye kupunguza gharama. Ukitaja kitu au mtu anayeshughulikiwa tumia "with", "be ruthless with your first draft". Kwa watu ambao ni maadui au wapinzani "towards" inasikika vizuri, "ruthless towards his rivals". "About" nayo ipo kwa mambo kama muda, "she's ruthless about deadlines".

Maneno linalopenda kutembea nayo: "ruthless ambition", tamaa ya kupanda isiyojali nani anakanyagwa. "Ruthless competition", ushindani wa kumalizana. "Ruthless exploitation", unyonyaji usio na aibu, hii utaikuta sana kwenye historia ya ukoloni. "A ruthless streak", yani mtu kwa ujumla ni mpole lakini kuna kamstari ndani yake ka kutokuwa na huruma, siku ukikagusa utajua. Na "ruthless efficiency", ambayo naipenda maana ni nusu sifa nusu hofu, kazi imefanyika haraka, safi, kila kitu mahali pake, ila umebaki na kaubaridi mgongoni.

Ukitaka kuongeza ukali weka "utterly" au "absolutely" mbele. "Very" inakubalika, ila haina meno.

Hatua ya 7: Kulirudisha kwenye Kiswahili

Kwanza tuelewane kwa nini "katili" ni mtego. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuua. Kwa hiyo hata leo ukilisema linakuja na damu yake, ndo maana "mhariri katili" ilisikika kama mtu aliyezika waandishi nyuma ya ofisi. Kwa muuaji na dikteta litumie bila wasiwasi, kwa dikteta hata "nduli" ipo. Kwa wengine wote tafuta kwingine.

"Asiye na huruma" ndo salama, inafaa karibu kila mahali, kwenye barua rasmi, kwenye habari, ila ni bapa kidogo. Ukitaka ladha, Kiswahili kinazo. "Bila simile" ni nzuri sana kwa kielezi "ruthlessly", ukiiwazia ile simile ya mwenye mzigo anayeomba njia, huyu anapita bila kuomba. "They cut the budget ruthlessly", walifyeka bajeti bila simile. Ukiisoma haina harufu ya tafsiri kabisa. "Hana mswalie Mtume" ina nguvu zaidi, ni mtu ambaye hata umsihi vipi hasikii, naiweka kwa "a ruthless debt collector". Hiyo ni ya mazungumzo, usiiweke kwenye ripoti ya benki.

Kwa straika, usihangaike na huruma, sema "hakosi" au "hana masihara mbele ya goli". Kwa "be ruthless" ya kabati, "usione huruma, tupa". Kwa "ruthless ambition" nimejaribu mengi na ninalobaki nalo ni "uchu wa madaraka usiojali mtu", kama ni madaraka, au "tamaa isiyoangalia nani anaumia", ni ndefu ila ni kweli. Watu wengine wanaandika "tamaa katili", mi siipendi, tamaa haiuwi mtu.

"Roho mbaya" je? Hapana. Roho mbaya ni husuda na kinyongo ndani yake, mtu ana roho mbaya hata kama hana anachokitafuta, anakunyima tu ili ukose. Mtu "ruthless" anaweza akawa na roho nzuri kabisa akifika nyumbani kwake. "Roho ngumu" inakaribia zaidi, lakini nayo wakati mwingine inamaanisha ujasiri, kwa hiyo iangalie sentensi nzima kwanza. Na "hana moyo" kwa "heartless" ni hatari, msomaji anaweza kudhani hana ari ya kufanya kazi.

Na yule mzee wangu? Leo ningeandika "mhariri asiyeonea huruma neno la ziada". Maneno sita badala ya mawili, sawa, lakini mzee angecheka.

Hatua ya 8: Jipime

Jaza pengo alafu ndo usome jibu, usianze kuchungulia.

"He was fined for ___ driving." Ni "reckless", tulishaongea.

"It was ___ to laugh at her stammer." Kumcheka mtu mwenye kigugumizi, lengo hamna, kuna maumivu tu, "cruel".

"The new manager was ___ in cutting costs." Lengo lipo, wanaoumia wapo, na kihusishi "in" kinakukonyeza. "Ruthless".

"The ___ rain kept us indoors for a week." "Relentless". Ukiweka "ruthless" watakuelewa ila itakuwa ushairi, mvua haina lengo.

"She gave me a ___ smile and admitted she was wrong." "Rueful". Hii wengi wanakosa, ukipata jipongeze.

"The general was ___ towards his enemies but gentle with his own men." Hapa "ruthless" na "merciless" zote zinaingia na hamna mwalimu atakayekukata maksi. Ila ukiweka "merciless" mimi naona maadui waliopiga magoti, vita imeisha, wananyoosha mikono. Ukiweka "ruthless" namuona jenerali ameinamia ramani usiku, anachora mstari unaopita katikati ya kijiji, alafu anaomba chai.